Moyo wa Kushika Kisu: Je, Madaktari wa Upasuaji Huzaliwa na Ustahimilivu?

Ukiwauliza wanafunzi wa udaktari nani anataka kuwa daktari wa upasuaji, utasikia majibu ya aina mbili. Wapo watakaosema, "Mimi hapana, sina ule moyo." Na wapo watakaosema, "Mimi nitaweza, moyo ninao." Majibu yanapingana, lakini imani iliyo nyuma yake ni moja: kwamba kuna watu wamezaliwa na kitu fulani kifuani, kigumu na kitulivu, kinachowawezesha kufungua tumbo la mtu, kukutana na damu ambayo hawakuitarajia, na mkono usitetemeke.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake, na saikolojia ina namna ya kuupima. Lakini ukiifuata hadi mwisho inaleta madhara kwa daktari, na kwa mgonjwa aliyelala mezani pia. Kwa hiyo hebu tujiulize maswali matatu: haiba ya daktari ina nguvu kiasi gani, nguvu hiyo inaishia wapi, na kilichobaki kinatoka wapi?

Haiba ni kama urefu, si kama kundi la damu

Watafiti wengi wa haiba siku hizi hutumia mfumo wa sifa kuu tano. Kwa lugha ya kawaida, ni hizi:

- Uwazi: kupenda mawazo mapya na njia mpya za kufanya mambo.
- Umakini: kuwa na mpangilio, kujituma, kumaliza ulichoanza.
- Uchangamfu: kupata nguvu ukiwa na watu, kusema unachofikiri, kushika usukani.
- Upole: kuwajali na kuwaamini wengine, kutopenda ugomvi.
- Wepesi wa kufadhaika: kuingiwa na wasiwasi, hasira au huzuni haraka kuliko wengine mambo yanapokuwa magumu.

Sifa hizi hazigawi watu kama makundi ya damu, kwamba wewe ni A na mwenzako ni O. Zinafanana zaidi na urefu. Kila mtu ana kiasi fulani cha kila sifa, wengi wako katikati, na wachache wako pembeni kabisa. Hupimwa kwa dodoso: unasoma sentensi kama "Huwa napanga kazi zangu mapema," kisha unasema unakubaliana nayo kwa kiasi gani.

Je, tunazaliwa nazo? Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti za haiba kati ya watu inahusiana na urithi wa vinasaba. Nusu nyingine inatokana na maisha. Na hata mtu mzima hubadilika: kwa wastani, watu wakitoka miaka ya ishirini kuelekea arobaini huwa makini zaidi na hufadhaika kidogo kuliko walivyokuwa. Yaani haiba ina uthabiti, lakini haijamwagiwa zege.

Ustahimilivu ni kitu kingine, ingawa ni jirani yake. Ni uwezo wa kupita kwenye jambo gumu kisha ukarudi katika hali ya kufanya kazi na kuishi vizuri. Nao una madodoso yake. Moja linalotumika sana lilitungwa na Kathryn Connor na Jonathan Davidson mwaka 2003. Lina sentensi 25, na alama zake huanzia 0 hadi 100. Ona kwamba tafsiri hii haisemi chochote kuhusu kutohisi. Mtu mstahimilivu anaumia kama wewe, ila anapata njia ya kurudi.

Picha ya moyo wa chuma ilitoka wapi?

Rudi nyuma hadi London ya miaka ya 1830. Hakuna dawa ya usingizi. Mgonjwa anayekatwa mguu yuko macho, ameshikiliwa na wanaume kadhaa, anapiga mayowe. Daktari aliyesifika sana wakati huo, Robert Liston, alijulikana kwa kasi yake. Alikuwa na sababu: kila sekunde iliyopungua ilikuwa maumivu yaliyopungua na damu iliyookolewa. Katika chumba kile, daktari aliyesimama kusikiliza kilio alikuwa anamuumiza mgonjwa zaidi. Kuziba masikio ya moyo ilikuwa sehemu ya ufundi.

Tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alionyesha mjini Boston kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mgonjwa asihisi kisu. Kabla mwaka huo haujaisha, Liston mwenyewe alikuwa ameitumia London. Sababu ya kuwa na moyo wa chuma ilikuwa imeondoka, lakini sifa ya moyo huo ilibaki. Ikapokezwa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi, na hadi leo mwanafunzi anaweza kuambiwa akaze moyo kana kwamba mgonjwa bado yuko macho.

Wakipimwa, wanaonekanaje?

Watafiti wa nchi mbalimbali wamewapa madaktari wa upasuaji madodoso ya haiba na kuwalinganisha na madaktari wengine au na watu wa kawaida. Matokeo hayafanani kila mahali, lakini kuna picha inayojirudia: alama za juu za umakini, mara nyingi za uchangamfu pia, na alama za chini za wepesi wa kufadhaika. Kwa hiyo wale wanafunzi wetu hawajakosea kabisa.

Ila kabla hujafunga mjadala, weka akilini mambo mawili.

La kwanza, hizi ni tofauti za wastani. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, lakini wewe mwenyewe unawajua wanawake wengi warefu kuliko wanaume wengi. Vivyo hivyo, wapo madaktari wa upasuaji wengi tu wenye wasiwasi wa asili, na wanafanya kazi nzuri.

La pili ni gumu zaidi. Dodoso hujibiwa na walio kazini. Waliojaribu upasuaji wakaondoka hawamo kwenye hesabu. Sasa, ukikuta waliobaki ni watulivu, je, utulivu ndio uliowafanya wabaki, au miaka ya kazi ndiyo iliyowafundisha utulivu? Au pengine waliondoka watu wazuri kwa sababu nyingine kabisa, kama kunyanyaswa na wakubwa au kukosa usingizi? Dodoso la siku moja haliwezi kujibu. Ili kujua, lazima uwafuatilie watu kwa miaka.

Miaka kumi na miwili ya kufuatilia

Wapo waliofanya hivyo. Chris McManus na wenzake wa Uingereza walianza na vijana walioomba kusomea udaktari mwaka 1990. Mwaka 2002, vijana hao wakiwa madaktari wa miaka thelathini hivi, waliulizwa kuhusu kazi na msongo wao. Walijibu 1,668, madaktari wa kila fani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004.

Walichokuta kinapaswa kutufikirisha. Haiba na mitindo ya kujifunza iliyopimwa miaka kadhaa kabla, wengine wakiwa bado wanafunzi, ilisaidia kubashiri nani angekuwa na msongo zaidi kazini. Wepesi wa kufadhaika ulikuwa miongoni mwa viashiria vikubwa. Hata namna daktari alivyoiona hospitali yake, kama ni mahali pa kusaidiana au pa kukandamizana, ilihusiana na haiba yake ya zamani.

Huu ndio ushahidi mzuri kwa upande wa "moyo ninao, moyo sina". Haiba inahesabika, na kuukataa ukweli huo ni kujidanganya. Kama wewe ni mtu wa kufadhaika haraka, msongo wa hospitali huenda ukakuuma zaidi kuliko mwenzako mliyeanza siku moja.

Lakini ngoja kidogo. Haiba kubashiri tofauti kati yako na mwenzako ni jambo moja. Haiba kuwa ngao ya kutosha ni jambo lingine. Na ngao hiyo imepimwa.

Ngao yenye matundu

Kwanza tuelewane kuhusu tunachojikinga nacho. Mwaka 1981, Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo cha kile tutakachokiita uchovu sugu wa kazi. Hausemi ule uchovu wa Ijumaa jioni unaoisha ukilala. Una sura tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuanza kuwaona watu kama vitu, mgonjwa akageuka kuwa "lile jipu la kitanda namba nne", na kuona kwamba kazi yako haina maana wala tija. Shirika la Afya Duniani linautambua kama hali inayotokana na kazi, na haliuiti ugonjwa.

Mwaka 2008, chama cha madaktari wa upasuaji cha Marekani kiliwauliza wanachama wake kuhusu hali hiyo. Walijibu 7,905. Asilimia 40 walikuwa na dalili za uchovu sugu, na asilimia 30 walionyesha dalili za sonona. Hao ni watu wa fani ileile yenye alama za juu za umakini na za chini za kufadhaika!

Utafiti mwingine wa Marekani, wa Colin West na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliuliza swali moja kwa moja: je, wenye ustahimilivu mkubwa wako salama? Uliwahusisha madaktari 5,445 wa fani zote. Kwanza, madaktari walikuwa na alama za ustahimilivu za juu kidogo kuliko wafanyakazi wengine wa nchi hiyo. Pili, wenye alama za juu waliugua uchovu sugu kwa nadra zaidi. Kwa hiyo ustahimilivu unasaidia kweli. Tatu, na hapa ndipo penye uzito: kati ya madaktari waliopata alama ya juu kabisa, ile ambayo huwezi kuizidi, asilimia 29 walikuwa na uchovu sugu.

Isome tena. Karibu watatu katika kila kumi, wote wakiwa wamepata alama kamili. Hakuna moyo mgumu zaidi ya huo ambao ungeweza kuwapa. Kama tatizo lingekuwa upungufu wa ustahimilivu tu, watu hawa wasingekuwa wagonjwa wa kazi yao.

Wanawake "dhaifu" ambao hawakuwa dhaifu

Kuna utafiti wa tatu ambao kwangu mimi ndio unaoeleza vizuri kuliko yote. Uliongozwa na Yue-Yung Hu na kuchapishwa mwaka 2019. Uliwafikia madaktari 7,409 waliokuwa wakisomea ubingwa wa upasuaji katika vituo vyote 262 vya Marekani. Waliulizwa kuhusu dalili za uchovu sugu, na pia kuhusu wanavyotendewa: ubaguzi, matusi, unyanyasaji wa kijinsia.

Asilimia 38.5 walikuwa na dalili za uchovu sugu angalau kila wiki. Wanawake walikuwa juu, asilimia 42.4, na wanaume asilimia 35.9. Mtu anayeamini habari za moyo angesema papo hapo: si unaona, wanawake hawana ngozi ngumu ya upasuaji.

Watafiti wakafanya hesabu ya pili. Wakalinganisha wanawake na wanaume waliotendewa vibaya kwa kiwango kinachofanana. Tofauti ikatoweka. Kumbe wanawake hawakuwa wepesi wa kuvunjika; walikuwa wakigongwa mara nyingi zaidi. Theluthi mbili hivi yao walisema wamebaguliwa kwa sababu ya jinsia.

Hapa ndipo imani ya moyo inapoonyesha hatari yake. Inachukua jeraha lililosababishwa na mahali pa kazi, inaliandika kwenye jina la aliyejeruhiwa, na inamwambia mwenye mahali pa kazi kwamba hana cha kurekebisha.

Mwili unafanya nini kisu kikiwa mkononi?

Ili kuelewa kwa nini mazingira yana nguvu hivyo, tuingie ndani ya mwili. Fikiria hospitali ya wilaya, saa nane usiku. Mama anafanyiwa upasuaji wa kujifungua. Mtoto ametoka salama, lakini mfuko wa uzazi haukazi na damu haikomi.

Ubongo wa daktari unatambua hatari kabla hajaitamka. Ndani ya sekunde chache adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, vidole vinaweza kuanza kutetemeka kidogo. Dakika kadhaa baadaye homoni nyingine, kotisoli, inapanda na kuuweka mwili katika hali ya tahadhari ya muda mrefu zaidi.

Kiasi kidogo cha hali hii ni msaada: usingizi unakatika, macho yanakaza. Kikizidi, kinaiba. Uangalifu unabanana kama kutazama kupitia bomba. Unaona mshipa unaovuja na huoni kwamba mtaalamu wa usingizi anakuita. Akili inayobeba mambo kadhaa kwa wakati mmoja, kama umeshona wapi, damu imepotea kiasi gani, dawa gani imeshatolewa, inabaki na nafasi finyu. Sonal Arora na wenzake wa London walipopitia tafiti za jambo hili mwaka 2010, waliona kwamba msongo uliozidi huharibu kazi ya mikono na kazi ya maamuzi pia.

Sasa chukua madaktari wawili wenye haiba inayolingana alama kwa alama. Wa kwanza ana damu tayari kwenye friji, ana mkunga mzoefu kando yake, na ana bingwa anayepokea simu mlio wa pili na kusema, "Endelea kubana, niko njiani." Wa pili yuko peke yake, ni zamu yake ya tatu mfululizo, damu ipo chupa moja, na anajua kesho akiulizwa ataulizwa kwa ukali.

Mikono ya nani itatetemeka zaidi? Huhitaji dodoso kujibu.

Swali hili linatugusa sana huku kwetu. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kimehusika na hesabu iliyochapishwa mwaka 2016. Ilikuta madaktari bingwa wa upasuaji 1,690 tu katika nchi za eneo hilo, yaani 0.53 kwa kila watu 100,000. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2015 ilipendekeza nchi iwe na wataalamu 20 kwa kila watu 100,000, ikiwajumuisha wa upasuaji, wa usingizi na wa uzazi. Hata ukikumbuka kwamba hesabu ya pili ina wataalamu wa aina tatu, pengo bado linatisha. Daktari wa pili kwenye mfano wetu si wa kubuni sana.

Sifa nzuri inapogeuka mzigo

Kuna jambo lingine ambalo imani ya moyo hailioni. Sifa ileile inayomfanya mtu awe daktari mzuri wa upasuaji inaweza kumgeuka. Umakini ndio unaomfanya arudi wodini usiku kumwangalia mgonjwa aliyemfanyia upasuaji mchana. Umakini huohuo, mambo yakiharibika, ndio unaomkalisha macho hadi alfajiri akirudia kila mshono.

Watafiti wa Toronto, akiwemo Carol-Anne Moulton, waliwahoji madaktari 20 wa upasuaji kuhusu siku ambazo mambo yaliwaharibikia. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Simulizi zao zilipita katika hatua nne. Kwanza pigo: tumbo kujikunja, jasho, hisia ya "mimi sifai". Kisha anguko: kuchunguza bila kupumzika, ni mimi au ni ugonjwa? Halafu kuinuka, ambapo wengi walisaidiwa na kuzungumza na mwenzao au kupata somo la kubeba. Mwisho, alama inayobaki. Matukio hujikusanya mwaka hadi mwaka, na hubadilisha jinsi daktari anavyojiona.

Hawa ni madaktari walioendelea na kazi. Kwa kipimo chochote ni wastahimilivu. Na bado walipigwa na wakaanguka.

Katika ule uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2008, karibu asilimia 9 ya madaktari waliona kuwa wamefanya kosa kubwa la kitabibu ndani ya miezi mitatu. Zaidi ya asilimia 70 ya hao walilielekeza kosa kwao wenyewe binafsi, si kwa mfumo. Asilimia 6.3 walikuwa wamewahi kufikiria kujiua katika mwaka uliopita, na kati ya hao ni asilimia 26 tu waliotafuta msaada wa kitaalamu. Wengi waliogopa leseni zao zingeguswa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa aliyefundishwa kuficha uchi ni daktari mwenyewe. Moyo wa chuma una gharama hii: hauruhusiwi kuonyesha ufa.

Kama unapitia mawazo ya aina hiyo wewe mwenyewe, uwe daktari au usiwe, mwambie mtu unayemwamini leo, na mwone mhudumu wa afya. Hakuna leseni inayozidi uhai.

Ustahimilivu unajengwaje, basi?

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita moyo inafundishika, na sehemu nyingine inapangika.

Inayofundishika kwanza. Sonal Arora na wenzake waliwachukua madaktari 20 wanaoanza upasuaji, wakawapa kazi ya kutoa kibofu cha nyongo kwa njia ya matundu madogo, kwenye mashine ya kuigiza. Kabla ya kila jaribio, nusu yao walitumia dakika 30 kufanya upasuaji huo kichwani: kuona kila hatua, kuhisi chombo mkononi. Nusu nyingine walitazama mhadhara usiohusiana. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba kundi la kwanza lilifanya kazi bora. Mapigo ya moyo yao yalikuwa chini, kotisoli ilikuwa chini, na wao wenyewe walisema wana wasiwasi mdogo. Kundi lilikuwa dogo na hakukuwa na mgonjwa halisi mezani, kwa hiyo tusilipambe kupita kiasi. Lakini fikiria: hakuna aliyebadilishiwa haiba. Walibadilishiwa nusu saa ya maandalizi.

Inayopangika sasa. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, karatasi yenye mambo 19 ya kuhakikisha kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, hapa Tanzania. Ukijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Utafiti ule haukupima msongo wa daktari. Lakini soma yaliyomo kwenye orodha. Kila mtu anataja jina lake na kazi yake. Timu inasema mapema inategemea damu kiasi gani ipotee. Inaulizwa kama vifaa viko tayari. Mambo ambayo yangejazana kwenye kichwa cha mtu mmoja saa nane usiku yametolewa nje, yamewekwa mezani, yanabebwa na watu watano. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na muuguzi aliyeshataja jina lake mbele ya wote anapata urahisi wa kusema, "Daktari, pamba moja haijarudi."

Ongeza hapo zamu zenye mapumziko, bingwa anayepokea simu, na kikao cha kupitia vifo kinachouliza "nini kilitokea" kabla ya "nani alifanya". Hivyo vyote ni ustahimilivu, ila haukai kifuani mwa mtu mmoja.

Sasa wewe

Kama ni mwanafunzi na unajiuliza una moyo au huna, usiamuliwe na kipimo cha haiba ulichojaza kwenye simu, wala na tumbo lililokuchafuka mara ya kwanza ulipoona damu. Ukijijua kuwa unafadhaika haraka, hiyo ni taarifa ya kufanyia kazi: jifunze kufanya mazoezi ya kichwani, zoea kuomba msaada mapema, chagua walimu wanaojibu maswali. Na ukijiona huyumbi hata kidogo, kumbuka wale asilimia 29.

Unapochagua mahali pa kufanyia mafunzo, usiulize tu wanafanya operesheni ngapi kwa mwaka. Uliza: usiku mambo yakiharibika, nampigia nani? Asubuhi yake, nini kinatokea kwa aliyekuwa zamu?

Kama wewe ni mkuu wa idara au mtu wa kupanga bajeti, semina ya siku moja ya kuwafundisha watu kustahimili ni rahisi kuliko kuajiri daktari wa pili wa zamu. Lakini takwimu hizi zinasema ustahimilivu wao tayari uko juu kidogo kuliko wa wengine. Kinachopungua kiko kwenye ratiba, kwenye friji ya damu, na kwenye namna wakubwa wanavyosema na wadogo.

Na kama ni mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, yaani sisi sote siku moja, tumezoea kumwombea daktari awe na mkono mtulivu. Tuendelee kumwombea. Pia tuulize amelala saa ngapi, na nani yuko naye humo ndani.